Foto ya ngombe na mukono wa muchungaji

Mu vitabu vidogo kama hiki tunazoea kusoma juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya heshima kwa wazee. Mara hii tunaomba ruhusa tuzungumuze juu ya foto. Mutu anaweza kuuliza: tangu lini foto iko desturi yetu? Babu zetu hawakuwa na aparei. Ni kweli. Lakini ngombe walikuwa nazo, na leo ngombe za asili zinapunguka mbele ya macho yetu. Zingine zinachanganywa na za Ulaya, zingine ziliporwa na kuchinjwa tangu vita vya 1996, na mu familia nyingi kilichobakia ni foto tu. Basi inafaa kuuliza foto ile inachunga nini na inaacha nini inje. Tena, kuacha mutu inje ya foto ni kosa, ao ni jambo dogo la aparei?

Sisi tulianza kuwaza jambo hili mu kilio.

Kule Walungu, mu nyumba ya baba yetu mukubwa, kulikuwa foto moja tu ku ukuta wa chumba cha wageni. Ni ya nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1974, na nyuma yake babu aliandikisha jina la ngombe: Bahati. Ngombe imesimama upande, pembe ndefu zinapanda juu kisha zinakunjana kidogo, tumbo la mimba linaonekana wazi. Kamba inatoka ku pembe, inaenda mupaka ku ukingo wa karatasi, na pale kuna mukono umeshika kamba. Mukono tu. Mutu mwenyewe amekatwa. Sisi tulikomalia chini ya foto ile. Tulijua jina la ngombe, tulijua mama yake ilitoka kilima gani, tulijua ilizaa mara ngapi, na kama ndama yake ya pili ndiyo ilitoka kwa mahari baba mudogo alipooa. Juu ya ule mukono hatukuuliza hata siku moja.

Mu 2019 baba mukubwa akafariki. Siku ya tatu ya kilio akafika muzee mumoja, amevaa koti ya mvua ya zamani na buti. Hakuna kijana aliyemujua. Wakamupa kiti na kikombe cha kasiksi, akakunywa pole pole, akiangalia ukuta. Kisha akasimama, akaweka kidole ku kioo cha foto, akasema: “Huu ni mukono wangu.”

Watu walicheka kidogo, sawa vile watu wanacheka mu kilio wakipata nafasi. Yeye hakucheka. Akaeleza kama baba yake alimuleta kwa babu yetu akiwa mutoto wa miaka kumi na miwili hivi, achunge. Mupigaji foto alifika na kinga (ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu), na sanduku lake na kitambaa cheusi. “Akaniambia: we mutoto, sogea. Nikasogea. Sogea tena. Nikasogea tena. Lakini kamba singeweza kuachilia, juu ngombe ilikuwa inaogopa kile kitambaa.” Ndiyo sababu mukono ulibakia. Aparei ilitaka kumutoa muchungaji mwili mzima, lakini bila yeye ngombe ingekimbia na foto isingepatikana.

Kisha akaongeza neno lingine, kwa sauti ya chini. Wakati ule, mutoto anayechunga ngombe ya mwingine alikuwa hapewi feza. Alikunywa maziwa, alilala mu boma, na mwisho wa miaka walizopatana alipewa ndama jike, iwe mwanzo wa kundi lake. Babu yetu alimuahidi. Alichunga miaka sita. Baba yake akafa, akaitwa nyumbani mbio, na ndama haikutoka. “Siidai,” akasema. “Mumeniuliza mimi ni nani, nami nimejibu.”

Hatukuwa tumemuuliza. Hilo ndilo lilituchoma.

Tutarudia ile ndama. Kwanza tuone foto za mifugo zinapigwa namna gani, kwa sababu wengi wanawaza kama foto inachukua tu kile kilicho mbele yake. Mutu anayetaka kuuza fahali, ao kuiandikisha mu daftari la mbegu fulani, anaisimamisha upande, pahali pa usawa, majani mafupi ili kwato zionekane. Miguu haipaswi kufichana: ule wa nyuma wa upande huu unavutwa kidogo, ule wa ngambo unasogezwa, ili yote mine ihesabiwe. Aparei inashushwa mupaka ku kimo cha mbavu, juu ukiipiga kutoka juu, ngombe inaonekana fupi kama mbuzi. Kwa farasi ni vilevile. Halafu kuna mutu anasimama pembeni na ndoo, ao anatikisa kitambaa, ili munyama ainue kichwa na kusimamisha masikio. Foto ikitoka, munyama anaangalia mbali kwa heshima, kama chifu. Kumbe anaangalia ndoo.

Hatusemi kama ni udanganyifu. Mwenzetu anayefundisha biolojia alitukemea tulipomueleza mawazo haya. Alisema: ukitaka kujua mbegu, lazima uone mugongo, kiwele, pembe, kwato, mutu akisimama mbele anaficha mambo hayo, na foto inakuwa bure. Ana haki. Tena zamani, mbele ya foto, hali ilikuwa mubaya zaidi. Kule Uingereza, miaka ya 1790 na 1800, matajiri wa mifugo walilipa wachoraji wawachoree ngombe zenye mwili wa pembe nne kama sanduku, na vichwa vidogo, na miguu kama vijiti. Mutu mumoja aliyechonga picha ku mbao, Thomas Bewick, alieleza mu kitabu cha maisha yake kama wenye kondoo walitaka aongeze mafuta pahali ambapo yeye hakuona mafuta. Alikataa. Foto ilipofika, watu walifurahi wakasema: sasa chombo kimepatikana ambacho hakiogopi tajiri.

Je, hakiogopi? Tuangalie foto za ferme zinazojulikana kuliko zote duniani. Ni za farasi, na zilipigwa mwezi wa sita mwaka 1878 kule California, Marekani, mu ferme ya Palo Alto. Mwenye ferme alikuwa Leland Stanford, tajiri wa njia za treni aliyekuwa gavana wa jimbo lile. Alitaka kujua jambo moja: farasi ikikimbia, kuna wakati miguu yote mine inaacha udongo? Jicho la mutu haliwezi kujibu. Mupigaji foto Eadweard Muybridge akapanga aparei 12 kwa musitari kando ya njia, akavuta nyuzi zikakata njia, na farasi jike jina lake Sallie Gardner ikapita mbio, ikikata uzi mumoja kisha mwingine, na kila uzi ukafungua jicho la aparei moja. Jibu likawa: ndiyo, miguu yote inaacha udongo. Lakini inafanya hivyo ikiwa imekusanyika chini ya tumbo, haiko imenyooka mbele na nyuma namna wachoraji walizoea. Mufaransa Géricault, mu 1821, alichora farasi za mashindano ya Epsom zikiruka miguu imenyooka yote, na watu wote waliona ni kweli. Foto ikawasahihisha wachoraji mbele ya ulimwengu.

Hapa turuhusiwe kutoka njiani kidogo. Wanafunzi wetu hawajaona farasi. Mu sehemu kubwa ya Congo mbungo inaleta ugonjwa unaoua farasi haraka, ndiyo maana hata Wabelgiji hawakuzoesha farasi hapa kama kwingine. Siku moja tuliomba darasa la pili lichore farasi bila kitabu. Wote walichora vizuri shingo, manyoya na mukia. Kwato walichora za ngombe, zenye kupasuka mara mbili! Tukatafuta mu vitabu vya shule: kila picha ya farasi ilikuwa na majani marefu ku miguu. Kwa watoto wale foto ndiyo farasi. Kile ambacho foto ilificha, kwao hakiko, ao wanajaza na kile wanachokijua kwao.

Turudie Palo Alto. Ku karata iliyouzwa waliandika jina la farasi, na mara moja jina la mwenye farasi. Mu 1882 Stanford akatoa kitabu juu ya mwendo wa farasi, kilichoandikwa na rafiki yake daktari, na ku ukurasa wa kwanza jina la Muybridge halikuwako. Aliwekwa ndani kama mufanya kazi. Akashitaki, akashindwa. Hata mwenye aparei, basi, anaweza kufutwa na mwenye farasi. Na wale waliotunza farasi zile? Kila farasi ya mbio iko na mutu anayeamuka usiku kuipa maji, anayejua mguu gani una moto, anayeikataza kula majani ya baridi. Hakuna aparei kati ya zile 12 iliyowekwa juu yao. Aparei iliulizwa swali moja tu, swali la miguu, na ikajibu vizuri. Leo pahali pale ni chuo kikubwa kinachobeba jina la Stanford.

Hapo tunaona kama kosa haliko ku foto yenyewe. Foto ya kujua mbegu haina deni kwa mutu. Kosa linaanza pale tunachukua foto ile ile, tunaiweka ku ukuta ao mu kitabu, tunaandika chini: “Haya ndiyo maisha ya wafugaji.” Maneno hayo yanaahidi zaidi ya ngombe. Maisha ya boma ni nani anayeamuka saa kumi ya usiku. Ni mukono unaotoa kupe nyuma ya sikio. Ni moshi unaowashwa jioni ili nzi ziondoke, na mama anayezoa mavi kila asubuhi na mugongo wake umekunjana, na binti anayetikisa kibuyu mupaka siagi itoke. Tumeangalia foto nyingi za ngombe za pembe ndefu, za kwetu, za Uganda, za Rwanda. Pembe zinajaa ukurasa. Kibuyu cha siagi ni haba sana kukiona, na yule mama na mavi yake tunaweza kusema kama hatujamuona hata mara moja. Lakini bila yeye boma ingeoza kwa juma moja.

Kuna namna nyingine ya kukosa, nayo ni kumuweka mutu mu foto kama pambo. Muchungaji, mukuki, jua linalala, ngombe nyuma yake. Wazazi wetu walijua foto hizo. Kati ya 1924 na 1944 Kazimierz Zagourski, mutu wa Poland, alikaa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akazunguka Congo na mupaka Rwanda akipiga foto, akaziuza kama karata za posta. Jina la mufululizo wake kwa Kifaransa linasema: Afrika inayopotea. Foto zile ni nzuri, hatuwezi kukana. Mwanga wake, utulivu wake, hata leo mutu anasimama mbele yake. Na jina la mutu linakosekana mara nyingi. Ni kabila, ni “aina”, ni muchezaji. Tunajiuliza mutu aliyesimama mbele ya aparei ile alihisi nini, kama angejua chini ya uso wake wataandika kama anapotea. Alikuwa na ngombe za kukamua jioni ile!

Neno hilo la kupotea ni hatari kwetu sisi wa mashirika ya tamaduni pia. Tunapenda kusema: tupige foto haraka, wazee wanaenda, ngombe za asili zinaenda. Frisona inatoa maziwa mengi, ngombe ya pembe ndefu inatoa kidogo, basi mukulima mwenye watoto sita ku shule anachagua frisona, na hatuwezi kumulaumu. Lakini mutu akishawaza kama kitu kinapotea, anaanza kukichukua bila kuomba, sawa vile watu wanaingia mu nyumba inayoungua. Mwenye nyumba bado yuko ndani.

Sisi wenyewe tumefanya hivyo. Mu 2017 tulivuka Ruzizi, tukapita pori la Nyungwe na Huye, tukafika Nyanza mu Rwanda, pahali wafalme walikaa. Kule walijenga tena nyumba ya kifalme ya majani, na nyuma yake wanatunza ngombe za inyambo, zile zilizokuwa za mwami. Pembe zake zinatisha: mutu mukubwa akinyoosha mikono yote miwili anaona aibu. Wachungaji wanaziimbia. Wanaita kila moja kwa maneno ya sifa, na ngombe inatulia, inashusha kichwa, inasikiliza kabisa. Tulikuwa na aparei ndogo. Tukataka pembe zionekane safi juu ya mbingu, na muchungaji alikuwa amesimama karibu na shingo. Tukamuambia kwa mukono: sogea kidogo. Akasogea. Sogea tena.

Tulipofika nyumbani tukaangalia foto zetu. Tulipiga kumi na moja. Mu foto zote, ngombe imegeuza kichwa, inaangalia inje ya foto, upande mumoja tu. Inamuangalia yeye. Wimbo haukuingia mu foto, hilo tulilijua mbele. Lakini hatukujua kama hata macho ya ngombe yatatushitaki. Wakati ule hatukuelewa, tukasema foto zimeharibika. Miaka miwili kisha, mu kilio, muzee yule aliposema “sogea, nikasogea tena”, tukazikumbuka.

Wengine watasema: basi dawa ni rahisi, mupige mutu na ngombe yake, umalize. Haiko rahisi hivyo. Kwetu kuna wazee wasiopenda ngombe zao zihesabiwe, na foto ya kundi zima ni hesabu iliyo wazi mbele ya macho ya kila mutu. Vita pia vimetufundisha. Foto ya muchungaji mbele ya ngombe makumi mawili inasema mali iko wapi na nani anailinda, na ikipita mikono mingi inaweza kufika ku mukono mubaya. Tunajua wachungaji waliokataa kabisa wasionekane uso, na tunawaunga mukono. Kumuheshimu mutu mara zingine ni kumuacha inje ya foto, lakini kwa kumuuliza. Kati ya yule aliyejiondoa na yule aliyeondolewa, karatasi haionyeshi tofauti. Tofauti iko mu maneno yaliyosemwa mbele ya foto kupigwa.

Telefone nayo imegeuza mambo. Leo mwenye ngombe anakaa Bukavu ao hata Kinshasa, na muchungaji kule mulimani anamutumia foto kwa WhatsApp: ndama imezaliwa, jicho la hii limevimba, hii imekatwa na senyenge. Mara ya kwanza mu historia ya boma, muchungaji ndiye anashika aparei. Tulifurahi tuliposikia hivyo. Kisha tukaomba kijana mumoja atuonyeshe foto zake. Zilikuwa nyingi, na zote ni ngombe: kiwele, kidonda, mavi ya kuhara ili veterineri aone. Tukamuuliza yeye mwenyewe yuko wapi. Akacheka: “Patron anataka kuona ngombe.” Tena akatuambia kama patron anaomba foto kila asubuhi saa moja, na kama haifiki anakata feza. Basi chombo kile kile kinachomupa muchungaji jicho, kinamufunga kamba. Lakini pia, ngombe mbili zilipoibwa, foto zake ndizo zilisaidia kuzitambua ku soko, kwa alama ya sikio na doa jeupe ku bega. Mwenye ngombe alimushukuru. Tulimuuliza kama alimuongeza mushahara. Hakujibu.

Tumesema tutarudia ile ndama. Kilio kilipomalizika tuliomba familia ruhusa, tukashusha foto ya Bahati ku ukuta, tukaenda nayo mujini ili watoe ingine. Kijana wa studio aliipiga na aparei yake, akaifungua ku ordinatera, akatuuliza kwa wema kabisa: “Mwalimu, nikate huu mukono? Unaharibu foto.” Tulimuomba aache. Akatuangalia kama watu wasiojua kazi.

Tulimupelekea muzee nakala yake ku soko la juma lililofuata. Tulikuwa tumebeba kalamu, tukamuomba atuambie jina lake lote, tuandike nyuma ya foto yake na nyuma ya ile yetu pia. Akatuambia, tukaandika, akasoma herufi moja moja. Kisha akasoma jina la ngombe, akatikisa kichwa. “Bahati ni jina la babu yenu. Ku malisho hatukuiita hivyo. Ilikuwa inakataa kukamuliwa, inapiga ndoo teke. Sisi tuliiita Sitaki.” Tukaandika na hilo.

Juu ya ndama jike, tulileta neno mu kikao cha familia. Wengine wanasema ahadi bila mushuhuda ni hewa, na babu hayuko tena kujibu. Wengine wanasema tukilipa huyu, kesho watafika kumi, kila mutu na mukono wake. Shangazi yetu, ambaye wakati ule alikuwa anafagia boma na hayuko mu foto yoyote, alisema anakumbuka mutoto yule na anakumbuka ahadi ile, lakini walimuambia alikuwa mudogo sana. Sisi tulisema tunaona deni liko, na tuko tayari kutoa sehemu yetu ya feza. Kikao kilifanyika mara mbili, hakikusikilizana. Foto imerudi ku ukuta, pahali pake. Muzee alituma salamu mara moja, na kilo mbili za maharagwe, bila kuuliza kitu.